Nusu Saa Yako Peke Yako

Familia inavyoweza kumpa kila mtu utulivu katika msimu wa pilikapilika

Desemba imeingia tena, na sote tunaijua Desemba ya hapa Nyarugusu. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani kutwa nzima. Mvua zilizoanza Oktoba sasa zimekolea. Mahindi yaliyozunguka nyumba yanataka palizi, na lengalenga isipochumwa leo, kesho imekomaa. Kwaya zinafanya mazoezi mpaka usiku, moja huku na nyingine kule, kila moja na ngoma yake. Kuna harusi, kuna wageni kutoka zoni nyingine wanaokuja kusalimia tu, lakini wanabaki mpaka ugali unaiva. Siku ya mgao nayo haingoji sikukuu: kadi mkononi, mzigo kichwani, mtoto mgongoni.

Katikati ya hayo yote yuko mama wa nyumba. "Mama, njaa!" "Mama, kikombe kiko wapi?" "Mama, huyu amenipiga!" "Hodi hapa!" Anaitwa tangu macho hayajafunguka vizuri mpaka yanafumba. Akienda chooni ndipo anapata kupumua, na hata huko kuna mtoto amesimama nje anamuuliza atamaliza lini.

Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo wengi kambini wanalitamani lakini wanaona haya kulisema: kupata muda kidogo wa kukaa peke yako, kimya, bila kuitwa na bila kuombwa kitu. Hatusemi siku nzima. Hatusemi safari. Tunasema nusu saa. Na tuseme tangu mwanzo: hapa kambini nusu saa hiyo ni vigumu kuipata kwa kuitafuta mwenyewe. Utaipata kwa kupewa na watu wa nyumba yako, na wewe nawe uwape wao ya kwao.

KIMYA KILIKWENDA WAPI?

Kule tulikotoka, iwe Fizi, Uvira, Baraka au Kalemie, na kwa ndugu zetu wa Burundi vilevile, kimya kilikuwa kitu cha bure. Njia ya kwenda shambani ilikuwa ndefu. Mtu anatembea peke yake na jembe begani, anawaza mambo yake, akifika kichwa kimeshatulia. Baba aliyevua dagaa usiku katika ziwa Tanganyika alikuwa na maji, taa yake na nyota. Hakuna aliyesema, "Sasa naenda kutafuta utulivu." Ulikuwa ndani ya kazi yenyewe.

Kambini mambo yamegeuka. Nyarugusu ilifunguliwa Novemba 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita Kongo. Mwaka 2009, kambi ya Lugufu ilipofungwa, wenzetu wengi wakahamishiwa hapa. Mwaka 2015 ndugu wa Burundi wakafika kwa maelfu, kambi ikajaa kupita kiasi, ndipo Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena ili kupunguza msongamano. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka ule wa kwanza leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, na pengine hajawahi kulala peke yake chumbani hata usiku mmoja.

Kuna kitabu cha viwango ambacho mashirika mengi ya misaada duniani hukifuata, kinaitwa Sphere. Kinasema kila mtu apate angalau mita 3.5 za mraba ndani ya nyumba. Hiyo ni kama mikeka miwili ya kulalia. Kinasema pia bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, na mtu asisimame kwenye foleni ya maji zaidi ya dakika 30. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Hata tukisema kimetimia chote, bado ni mikeka miwili kwa mtu. Kwenye mikeka hiyo kuna kitanda, sufuria, unga, nguo, madaftari ya watoto na madumu ya maji. Mahali pa kukaa na mawazo yako pako wapi? Ukuta wenyewe ni tofali za udongo, au ni turubai. Jirani akikohoa usiku, unamwambia pole ukiwa kitandani kwako.

Kwa hiyo ukijisikia umebanwa, usijilaumu. Hukosi shukrani, wala huchukii watoto wako. Ni watu wengi mahali padogo, kwa miaka mingi.

"ANA NINI HUYU?"

Lakini nafasi ndogo si kikwazo peke yake. Kikwazo kingine ni sisi wenyewe. Kwetu mtu akikaa peke yake, watu wanaanza kuuliza, "Ana nini huyu?" Mama akikaa nyuma ya nyumba bila kazi mkononi, ni mvivu. Baba akinyamaza, ana deni. Msichana akijitenga kidogo, ana mtu anayemuwaza. Mzee au bibi akipenda kukaa peke yake jioni, hapo ndipo maneno mabaya zaidi yanapoanza, na wako wasioona haya kutaja uchawi.

Tumelelewa tukijua kwamba mtu ni watu, na ni kweli. Bila jirani aliyetushika mkono njiani, bila yule aliyetugawia chumvi siku ya kwanza, wengi wetu tusingefika hapa. Hatutaki kuacha desturi hiyo. Lakini hata shamba zuri tunaliacha msimu mmoja lilale, lipate nguvu, na hakuna anayesema mwenye shamba ni mvivu. Basi na mtu naye alazwe kidogo.

Mtu asiyepumzika anaonekana. Mboga ikiungua kidogo, anapiga kelele utadhani nyumba nzima imeungua. Mtoto anamwaga maji, anapigwa kofi ambalo halikuwa lake. Kofi hilo lilikuwa la foleni ya bomba, la unga ulioisha kabla ya siku zake, la jibu la kesi lisilokuja. Mume na mke wanagombana kwa sababu ya chumvi. Usiku ukifika, mwili umelala lakini kichwa kinaendelea kutembea, kinarudi Kongo, kinakwenda ofisini, kinahesabu madeni, mpaka jogoo anawika.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa makadirio mwaka 2019 kwamba katika maeneo yaliyopitiwa na vita, karibu mtu mmoja kati ya watano ana tatizo fulani la afya ya akili, kuanzia huzuni na wasiwasi mdogo mpaka magonjwa makali. Mmoja kati ya watano! Hesabu watu wa nyumba yako, kisha hesabu wa nyumba ya jirani. Hatusemi kwamba nusu saa ya kimya inaponya magonjwa hayo. Tunasema kwamba kichwa kisichopata mahali pa kutua kinachoka upesi, na mama akichoka, nyumba nzima inaubeba uchovu wake.

TUKIGAWE KAMA MGAO

Tuseme ukweli, jamani. Wako watu wanaopata muda wao hapa kambini. Jioni utawaona wanaume chini ya mwembe wanacheza dama. Vijana wako kwenye video au mahali pa kuchaji simu. Hayo nayo ni mapumziko, hatuyakatai. Lakini saa hiyo ya dama, nani ameshika nyumba? Nani anawasha moto, na nani anamwosha mtoto?

Ndiyo maana tunasema utulivu ugawanywe kama chakula cha mgao. Ukiacha kila mtu ajichotee, mwenye nguvu anapata na mwenye mzigo anakosa. Ukigawa kwa utaratibu, kila mtu anapata kipimo chake. Familia inaweza kufanya hivi:

1. Zungumzeni kwanza. Iwe jioni baada ya kula, wote mmekaa. Mama aseme waziwazi: "Nataka nusu saa yangu, mara tatu kwa wiki. Sijakasirika na mtu, wala siumwi." Maneno hayo ya mwisho ni muhimu. Asiposema hivyo, mume atafikiri amenuniwa, na watoto watafikiri wamekosa kitu.

2. Chagueni saa inayokubaliana na kazi za nyumba. Kila nyumba ina kipindi ambacho moto umepoa. Kwa wengi ni baada ya vyombo vya mchana kuoshwa na kabla ya moto wa jioni kuwashwa, kama saa tisa hivi. Angalieni ratiba ya bomba lenu pia, maana maji yakitoka saa hiyo hiyo, mpango umevunjika siku ya kwanza.

3. Mtajeni mtu wa zamu kwa jina. "Mumwache mama apumzike" si mpango, kwa sababu hakuna aliyetumwa. "Leo saa tisa baba anakaa na watoto mlangoni" ndio mpango. Kila swali linakwenda kwa baba. Njaa, kwa baba. Ugomvi, kwa baba. Kikombe kikipotea, baba anajua kutafuta. Kama kuna homa au moto, hapo mama ataitwa.

4. Wekeni alama. Kitenge kimoja kikitundikwa mlangoni, maana yake mama yuko katika nusu saa yake. Watoto wanapenda mambo ya alama. Utashangaa, wao ndio watakaowaambia wageni kwa adabu, "Karibuni mkae hapa nje, mama anakuja baadaye."

5. Mzigo usihamie kwa binti mkubwa. Hili tunaliomba sana. Mara nyingi tunampumzisha mama kwa kumchosha mtoto wa kike wa miaka 12. Yeye naye anachoka, naye ana masomo yake. Kaka zake wana mikono na wana shingo. Dumu la maji halichagui kichwa.

6. Kila mtu awe na zamu yake. Mama akishapata, apate na baba, apate binti, apate na bibi. Anayejua kwamba zamu yake inakuja haoni wivu kwa zamu ya mwenzake.

Na mama anayelea watoto peke yake je? Wako wengi hapa, na wako akina baba pia, na kaka wanaolea wadogo zao baada ya wazazi kufa au kupotea. Hawana mtu wa kumwachia mlango. Kwenu tunashauri kubadilishana na jirani mnayeaminiana naye. Jumanne watoto wako wanacheza kwake, Alhamisi wa kwake wanacheza kwako. Hakuna hela inayotoka. Sharti ni moja: watoto wakae mahali wanapoonekana, na kwa mtu unayemjua vizuri. Kidole kimoja hakivunji chawa.

WAPI, NA SAA NGAPI?

Nyumba ikiwa ndogo, si lazima utulivu uwe ndani. Hizi ni nafasi ambazo tunazo wote, hata kama hatuzitumii.

Alfajiri. Wako wanaoamka kabla ya wengine, wanakaa kibarazani au kitandani palepale, wanasikiliza kambi ikiwa bado haijaanza kelele. Dakika 15 za saa kumi na moja zinaweza kushinda saa nzima ya mchana. Lakini asiye na usingizi wa kutosha asijiamshe kwa ajili hiyo. Kwake yeye kulala ndio utulivu.

Wakati wa mvua. Tumezoea kuilalamikia mvua, maana inavuja na inaleta matope. Lakini mvua kubwa ikinyesha, wageni hawaji, kwaya inanyamaza, na foleni inavunjika. Nyumba inaweza kukubaliana: mvua ikianza, ndoo zikishawekwa panapovuja, kila mtu anakaa mahali pake bila kuongea mpaka ipungue. Watoto wadogo mara nyingi watasinzia. Nyumba nzima inapumzika pamoja, kila mtu na yake.

Nyumba za ibada katikati ya wiki. Kanisa lililojaa Jumapili mara nyingi huwa tupu Jumatano mchana. Msikiti nao unakuwa na utulivu kati ya sala na sala. Muombe anayeshika ufunguo, wengi hawakatai.

Kazi ya mikono. Kuchambua maharage, kusuka mkeka, kupalilia mistari miwili nyuma ya nyumba. Ukiifanya bila haraka na bila mtu wa kuongea naye, kazi hiyo inakurudishia kidogo ile njia ndefu ya shambani.

Foleni ya maji. Huko hakuna kimya, tunajua! Lakini ukishaweka dumu kwenye mstari, kwa muda huo hakuna anayekudai kitu. Unaweza kuwaambia wenzako, "Leo mniache kidogo, nawasikiliza tu." Kaa, acha mabega yashuke, ungoje zamu yako.

Na sasa onyo. Wako akina mama wanaosema, "Mimi nikienda kuni ndipo napata kupumua." Tunawaelewa. Lakini msituni peke yako si mahali pa kutafuta utulivu. Wanawake na wasichana wengi wakimbizi, katika kambi za nchi mbalimbali, wamepatwa na mabaya kwenye njia ya kuni. Kwenda kuni ni kwa kundi, na kurudi ni kwa kundi, mchana. Vilevile usitoke peke yako usiku kwenda kukaa mahali pa giza. Popote utakapokaa, awepo mtu mmoja wa nyumbani anayejua uko wapi na utarudi saa ngapi.

UFANYE NINI KATIKA NUSU SAA HIYO?

Si lazima ufanye kitu. Atakayetaka kusali, asali. Atakayetaka kusoma, asome. Ukishikwa na usingizi, lala, mwili umejichagulia wenyewe. Ila simu iache kwa mtu wa zamu. Simu nayo ni mtu anayeita. Huyu wa Bukavu ana habari mbaya, yule aliyekwenda Marekani anauliza kesi yenu imefikia wapi, na mwingine ametuma video ya mapigano. Ukimaliza nusu saa ya namna hiyo, umechoka kuliko ulivyoanza.

Kama unataka mazoezi mafupi, tunayo ambayo yamejaribiwa na wakimbizi wenzetu. WHO ilitengeneza kozi ya masomo matano ya kupunguza mawazo mazito, inayofundishwa kwa sauti iliyorekodiwa, ili watu wengi waisikilize kwa pamoja. Ilijaribiwa Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini karibu 700, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2020. Baada ya miezi mitatu, wanawake waliohudhuria masomo hayo walikuwa wamepungukiwa na mfadhaiko kuliko wale ambao hawakuhudhuria. Zoezi mojawapo katika kozi hiyo linakwenda hivi:

Kaa vizuri, miguu chini. Tambua kilichomo moyoni, hata kama ni hasira au woga. Usikifukuze. Sema tu kimoyomoyo, "Leo nina hofu," au "Leo nina hasira." Kisha pumua polepole, toa pumzi yote nje, uvute tena taratibu. Kandamiza nyayo zako ardhini, nyoosha mikono. Halafu angalia hapo ulipo na utaje vitu vitano unavyoviona: jiko, kuku, mlango, ndoo, mwembe. Sikiliza sauti tatu au nne. Shika kitu kilicho karibu, usikie kama ni baridi au kina joto. Mawazo yatakuwepo bado, lakini wewe utakuwa umerudi hapa ulipo, leo, mahali ambapo miguu yako imekanyaga.

Wako wanaoogopa kimya, na wana sababu. Kwao kelele za kambi ni afadhali, maana zikinyamaza tu, vita vinarudi. Wanaona tena moto, wanasikia tena milio. Ikiwa ndivyo kwako, usijilazimishe nusu saa. Anza na dakika tano. Usifumbe macho. Kaa mahali unapowaona watu hata kama huongei nao, na uwe na kazi ndogo mkononi. Picha hizo zikizidi, acha, simama, nenda kwa mtu unayempenda. Kisha umweleze mhudumu wa afya. Jambo hilo lina jina na lina msaada, na halina maana kwamba una wazimu.

KUKAA PEKE YAKO SI KUJITENGA

Hapa tusichanganye mambo mawili. Anayepumzika anarudi kwa wenzake akiwa mwepesi kidogo. Anayejitenga anarudi akiwa mzito zaidi, au harudi kabisa. Ukiona ndugu yako hali chakula, haogi, halali usiku kwa wiki mbili na zaidi, ameacha kazi na watoto wake, ameanza kunywa pombe tangu asubuhi, au anasema maneno kama "Afadhali nisingekuwepo," huyo hahitaji nusu saa ya peke yake. Anahitaji watu.

Mkalie karibu. Muulize kwa upole kama anafikiria kujidhuru. Wengine wanaogopa kuuliza, eti watampa wazo hilo. Sivyo. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, mara nyingi kunamfungua mdomo. Ondoeni dawa, sumu ya panya, kamba na vitu vya hatari karibu naye. Msimwache peke yake, na mumsindikize kituo cha afya siku hiyo hiyo. Si aibu ya familia. Mtu akivunjika mguu tunambeba, basi na huyu tumbebe.

WATOTO, VIJANA, WAZEE NA AKINA BABA

Mtoto naye anachoka na watu. Akikaa pembeni anachora kwenye mchanga, usimtume dukani kwa sababu tu umemwona hana kazi. Mwache amalize.

Kijana anayejiandaa kwa mitihani anahitaji kona na mwanga. Kama nyumbani haiwezekani, wazazi wa nyumba tatu au nne wanaweza kukubaliana kwamba nyumba moja inyamaze kila jioni kwa saa moja, vijana wote wasomee hapo, na wiki inayofuata iwe nyumba nyingine. Redio na spika zipumzike saa hiyo.

Wazee wetu wanabeba mengi ambayo hawayasemi. Bibi akipenda kukaa nje jioni, mpelekeeni mkeka na shuka la kujifunika. Mtoto mmoja akae mbali kidogo, pasipo kumsumbua. Na yeyote atakayetaja uchawi kwa sababu hiyo, tumnyamazishe palepale, maana neno hilo limeshaua watu.

Akina baba, nanyi tunawakumbuka. Mwanamume ambaye zamani alikuwa na shamba, mtumbwi au duka, leo anaamka bila kazi ya kumtoa nyumbani. Kukaa kwake kutwa si kupumzika, wakati mwingine ni mateso. Nusu saa ya kukaa kimya na kulisema hilo moyoni inaweza kumsaidia kuliko chupa. Na zamu ya kushika mlango ili mkewe apumzike ni kazi ya heshima. Watoto wataikumbuka.

KABLA YA SIKUKUU

Sikukuu zinakuja na mambo yataongezeka. Tunashauri kila familia ichague jambo moja la kuacha mwaka huu. Si lazima kuhudhuria kila sherehe ya kila zoni. Si lazima kukopa ili wageni wale nyama. Ugali, sombe na dagaa vimelisha sikukuu nyingi, na watu wakacheka. Nyumba ikiacha jambo moja, tayari imepata muda wa kugawana.

Halafu leo jioni, chakula kikishaliwa na kabla watoto hawajalala, ulizaneni maswali matatu tu. Nani katika nyumba hii anaitwa sana kuliko wote? Ni saa gani tunaweza kumpa awe peke yake? Na saa hiyo, nani atakaa mlangoni? Msiondoke hapo kabla ya kutaja siku, saa na jina la mtu.

Jaribuni kwa wiki mbili. Siku ya kwanza watoto watasahau na wataita mara kumi. Siku ya pili mara tano. Msikate tamaa, haba na haba hujaza kibaba. Mkiona imewafaa, au mkipata njia bora kuliko hizi, tuleteeni habari ili tuwape na wenzenu katika toleo lijalo. Tunawatakia familia zote sikukuu za amani, na kwa kila mama anayesoma ukurasa huu huku akiitwa mara tatu, tunasema: mama, pole na kazi. Mpe mumeo au mwanao karatasi hii asome naye.